Birika la Kanisa la Zamani

Nguzo ilikuwa imesimama pale pale. Birika la ubatizo lililokaa juu yake, jiwe zima lililochongwa, ndilo lililotoweka.

Inspekta alichuchumaa. Asubuhi hiyo kanisa la zamani, la kwanza kujengwa na waumini wa parokia ile ya pembezoni mwa mji, lilikuwa libomolewe kupisha maegesho ya kanisa jipya.

"Ni huyu mkandarasi!" paroko alifoka. "Alilimezea mate tangu alipoliona. Mkamate!"

"Nililitaka, sikatai," mkandarasi alijitetea. "Lakini kuiba, hapana."

"Vijana wako hubebea nini mizigo?"

"Toroli, Afande."

Inspekta alionyesha vumbi sakafuni. "Toroli lina gurudumu moja. Hapa pana michirizi minne, na nyayo za mtu mmoja anayeburuta mguu. Baba, nani hapa parokiani ana kiti cha magurudumu?"

Paroko alisita. "Marehemu mke wa katekista mstaafu alikuwa nacho."

Nyumba ilikuwa nyuma ya ukuta wa kanisa; Inspekta na paroko wakaenda pamoja. Katekista alifungua mwenyewe, akichechemea. Birika lilikuwa sebuleni, limepanguswa hadi linang'aa.

"Umelichukua wewe, Mzee?"

"Mimi, mwanangu. Usimsumbue mtu mwingine."

"Kwa nini?"

Mzee alipapasa ukingo wa jiwe. "Lile kanisa tulilijenga kwa mikono yetu. Mke wangu alibeba mchanga akiwa na mimba. Binti yetu alizaliwa hoi. Tukamkimbiza kanisani, rangi haijakauka, akabatizwa humu. Kabla jua halijachwa, akafariki. Mtoto mwingine hatukujaliwa, na picha yake hatuna. Niliposikia mmeagiza birika jipya la marumaru, nikajua hili litaishia kwenye kifusi."

Inspekta, aliyekuwa ameshatoa pingu, alizirudisha taratibu kiunoni.

"Mbona hukuniambia?" paroko aliuliza.

"Ulikuwa mbio mbio na jengo jipya, Baba. Niliona nitakupotezea muda."

Paroko aliinamisha kichwa. Kisha akamgeukia Inspekta. "Nafuta malalamiko. Mkandarasi nitamwomba radhi mbele ya watu."

"Na birika?" Inspekta aliuliza.

"Litaingia kanisa jipya. La marumaru lirudi lilikotoka." Akamshika mzee mkono. "Jumapili tuna watoto wa kubatizwa. Njoo uwaeleze wazazi wao ni nani aliyebatizwa humu wa kwanza."

Mzee alifuta macho kwa kiganja. "Jina lake nilitaje?"

"Litaje," alisema paroko. "Tena kwa sauti."