Mwili wa Kitambaa

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kina dirisha moja, na cherehani imekaa chini yake kwa sababu macho yangu yamechoka. Binti yangu huja kila asubuhi kunisaidia. Yeye hushona vifungo na kupiga pasi, mimi hukata na kuunga. Mume wake ni fundi baiskeli, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara.

Mke wangu alifariki binti huyu akiwa na miaka sita. Alisema tumbo linamuuma. Tukaenda zahanati, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika alisema, "Tumbo, daktari." Akapewa dawa ya minyoo. Kesho yake hakuwepo tena, na hakuna aliyeniambia amekufa kwa nini. Wakubwa wa zahanati ile walikuwa na feni na viti vya kuzunguka. Dakika mbili za kumuuliza mgonjwa "tumbo lipi?" hawakuwa nazo. Nawalaumu mpaka leo, wala sifichi.

Ila lipo kosa ambalo ni letu wenyewe. Nyumbani kwetu, kila kitu kuanzia mbavu hadi magoti kiliitwa tumbo. Njaa ilikuwa tumbo. Hedhi, tumbo. Mimba, tumbo. Hata siku nilipopigwa mpira kule mnakojua, nililia tumbo. Tuliona ndiyo adabu.

Siku moja jirani yangu, mkunga, akaja na furushi la vitambaa.

"Hodi, fundi."

"Karibu, mkunga. Gauni au sketi?"

"Nataka unishonee mwili wa mwanamke. Wa ndani."

Binti yangu akadondosha kifungo. Mimi nikachungulia mlangoni nione kama kuna mtu amesikia.

"Mkunga, leo umekosa mtu wa kumtania?"

"Sitanii. Nafundisha wake na waume kliniki. Nimeomba picha ofisini miaka mitatu, naambiwa nisubiri."

"Ofisini! Wale ukiwaambia nyumba inaungua watakwambia andika barua."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nikatoa futi shingoni. "Vipimo?"

"Tuanze na mji wa mimba. Binti, kunja ngumi. Huo ndio ukubwa wake."

Nikacheka. "Mtoto mzima anakaa kwenye ngumi?"

"Ni msuli mtupu, fundi. Mimba ikikua, nao unatanuka mpaka hapa." Akagusa chini ya mbavu. "Mtoto akizaliwa, baada ya wiki sita hivi umerudi kuwa karibu na ngumi."

Nimeongeza viuno na kupunguza viuno kwa miaka thelathini. Sijaona kitambaa kinachotanuka hivyo kikarudi bila kulegea.

Nikashona kwa kitambaa chekundu. Chini ya mji wa mimba nikaweka shingo ya kizazi, na chini yake uke, ambao ndio njia ya kutokea nje. Juu nikaunga mirija miwili, kulia na kushoto, kila mmoja sentimita kumi. Mwishoni mwa kila mrija mkunga akataka nyuzinyuzi, kama ncha za shali. Karibu na nyuzi hizo nikashona ovari mbili, ndogo kama lozi.

"Kila mwezi, kwa kawaida, ovari moja huachia yai moja," mkunga akaeleza. "Nyuzi hizi hulipokea na kulitia kwenye mrija. Likikutana na mbegu ya mwanamume, hukutana humu humu. Kisha husafiri siku kadhaa mpaka kwenye mji wa mimba, likajishikiza ukutani. Lisipokutana na mbegu, utando uliotandikwa kumsubiri mgeni hutoka nje. Hiyo ndiyo hedhi."

"Kwa hiyo si uchafu?" binti yangu akauliza taratibu.

"Uchafu gani, mwanangu? Ni kitanda kinatandikwa upya."

Kesho yake mkunga akasema waume nao wana mwili wa kufundishwa, tukaingia upande wa mwanamume. Mkwe wangu alikuja kumfuata mkewe. Akaona ninachoshona, akageuka pale pale.

"Nitarudi baadaye, baba."

"Njoo hapa! Shika ncha ya uzi huu, rudi nyuma."

Mkunga alikuwa amesema mita sita. Mkwe wangu akarudi nyuma, akavuka kizingiti, akasimama barabarani na uzi mkononi.

"Baba, hiki ni nini?"

"Ni wewe!"

Mkunga alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaeleza. Mbegu za kiume hutengenezwa kwenye korodani mbili. Korodani hukaa nje ya mwili, ndani ya mfuko wa ngozi, kwa sababu mbegu hutaka ubaridi kidogo. Kukiwa na baridi mfuko hujivuta juu, kukiwa na joto hushuka. Nyuma ya kila korodani kuna mrija uliojikunjakunja, na ukiunyoosha unafika mita sita. Humo mbegu hukomaa.

"Mita sita zote zikae wapi?" nikauliza.

"Kwenye kitu kifupi kuliko kidole chako. Kunja."

Nilikunja mpaka vidole vikauma. Haukuenea. Aliyeukunja ule wa kweli ni fundi, si mimi.

"Kutoka hapo," mkunga akaendelea, "mbegu hupanda mrija mwingine, hupita kwenye tezi dume, huchanganywa na majimaji, hutoka kupitia uume. Mara moja hutoka mamilioni. Mkojo nao hupita njia hiyo hiyo, lakini wakati wa mbegu lango la mkojo hujifunga."

"Nani analifunga?"

"Mwili wenyewe, fundi. Hauombi ruhusa ofisini."

Nikauchukua tena mwili wa mwanamke. Nikaviringisha pamba, nikaisukuma ndani ya mrija nione yai linavyosafiri. Pamba ikakwama katikati. Nikasukuma zaidi, mshono ukafumuka.

"Mkunga, yai likikwama hivi je?"

Uso wake ukabadilika. "Hutokea. Mimba hushika kwenye mrija. Mrija hauwezi kutanuka kama mji wa mimba. Baada ya wiki chache unapasuka, damu inamwagika ndani, kwa nje huoni kitu. Hedhi huwa imechelewa. Chini ya kitovu kunauma, mara nyingi upande mmoja. Damu kidogo hutoka ukeni. Mwingine husikia kizunguzungu, mwingine huumwa bega. Si lazima dalili zote ziwepo. Mwenye hizo asisubiri hata saa moja."

Bega. Mke wangu siku ile alisema bega linamuuma. Nilimwambia ni kwa sababu ya kufua.

Nikashona ule mshono upya.

Wiki moja ikapita. Asubuhi moja binti yangu alikuwa anapiga pasi. Akaiweka pasi pembeni, akainama.

"Nini, mwanangu?"

"Tumbo tu, baba."

"Tumbo lipi?"

Akatazama chini. Mtoto wa kike atamwambia nini baba yake? Nikaenda kabatini, nikautoa ule mwili wa kitambaa uliokuwa unasubiri kuchukuliwa, nikaulaza mezani.

"Usiniambie. Nionyeshe."

Kidole chake kikatua kwenye mrija wa kulia.

"Hedhi?"

"Imechelewa wiki mbili. Jana nimeona damu kidogo."

"Bega?"

"Umejuaje, baba?"

Nilipiga kelele mpaka mkwe wangu akavuka barabara na spana mkononi. Akasimamisha teksi kwa kusimama mbele yake.

Hospitali, karani hakuinua hata kichwa. "Kaeni kwenye benchi. Tatizo?"

"Tumbo," mkwe wangu akajibu kwa mazoea.

"Si tumbo!" nikasema. "Hedhi imechelewa wiki mbili. Anatoka damu ukeni. Anaumwa chini upande wa kulia, na bega. Huenda mimba iko kwenye mrija!"

Benchi zima likageuka. Karani akainua kichwa.

"Mzee, wewe daktari?"

"Mimi fundi cherehani. Muite daktari!"

Akaitwa. Wakapima mkojo, wakapima kwa mashine ya picha, wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Baadaye daktari akatoka akiwa amejaa jasho.

"Mrija wa kulia ulikuwa umeanza kupasuka. Tumeutoa. Wa kushoto ni mzima, na ovari zote mbili zipo. Anaweza kuzaa. Mngekaa kwenye foleni, tungekuwa tunasema mengine."

"Kwa nini dalili hizi hamjaziandika ukutani, juu ya benchi?" nikamuuliza.

"Ukuta una wakubwa wake, mzee."

Nilijua tu.

Siku hizi nyumbani kwetu uke ni uke, korodani ni korodani, na tumbo ni pale chakula kinapoingia. Mwanzoni ndimi zilikuwa nzito. Sasa mkwe wangu ndiye anayemkumbusha mkewe tarehe ya hedhi.

Mwaka uliofuata mimba ikaingia tena. Binti yangu akawahi hospitali, akahakikishiwa imekaa ndani ya mji wa mimba. Akajifungua mtoto wa kike. Mkunga akaja kumwona, akanikuta nimempakata.

"Fundi, unajua mayai ya mwanamke hutengenezwa lini?"

"Akivunja ungo."

"Hapana. Akivunja ungo huanza kukomaa tu. Hutengenezwa yeye mwenyewe akiwa bado ndani ya mama yake. Yai lililomleta mjukuu wako lilikuwepo ndani ya binti yako kabla hujamwona binti yako."

"Rudia," nikasema.

Akarudia.

Nikamtazama mtoto. Miaka yote nilihuzunika kwamba mke wangu alikufa bila kubeba mjukuu. Kumbe alimbeba, alipokuwa na mimba ya binti yetu. Alivuka naye kizingiti hiki, akafua naye, akalala naye kitandani kwangu. Na mimi kila jioni nilikuwa namwambia, "Keti upumzike, mama," nisijue kwamba mbele yangu wamesimama watatu.