Mrusi wa Avenyu ya Kumi na Mbili

Kila Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, Ghanima alikuwa na kazi tatu: kufagia banda la video, kupanga mabenchi, na kumchemshia Baba Mdogo Khaled chai ya tangawizi. Mbili za kwanza alizifanya kama mtu anayelipa faini. Ya tatu aliifanya kwa moyo, kwa sababu chai ile ndiyo iliyolainisha koo maarufu kuliko makoo yote ya mtaa wa Buyenzi.

Banda lilikuwa nyuma ya duka la baba yake, Thabit, kwenye avenyu ya kumi na mbili. Ndani mlikuwa na televisheni moja, deki moja, na kipaza sauti kilichozungushiwa utepe mweusi kama kidole chenye jeraha. Filamu zilisema Kiingereza, lugha ambayo pale mtaani hakuna aliyeielewa. Kwa hiyo Khaled alikaa kando ya televisheni, akashika kipaza sauti, akafasiri kila neno kwa Kiswahili cha mtaa. Je, yeye mwenyewe alikijua Kiingereza? Tusichimbe sana. Alijua kusalimia na kuaga; ya katikati aliyajaza mwenyewe.

Mwaka ule, 1995, watu walihitaji kucheka. Vita vilikuwa vimeingia Bujumbura, na waasi walikuwa milimani juu ya mji. Mtaa wa Kamenge watu walikimbilia huku, wa Ngagara wakakimbilia kule, na kila uendako uliulizwa, "We uko upande gani?" Buyenzi ilikuwa bado imeshikamana, watu wa kila namna wakila kwenye sinia moja. Lakini ilishikamana kama mtu anayeegemea mlango wakati wa dhoruba: akichoka kidogo tu, mlango unafunguka.

Filamu zilizopendwa zilikuwa za vita, na karibu zote zilikuwa na hadithi moja: Mmarekani mmoja mwenye misuli, asiye na shati, dhidi ya Warusi mia moja wasiojua kulenga. Watoto wakitoka bandani walicheza mchezo uleule barabarani. Wote walitaka kuwa Mmarekani. Mrusi alipatikana kwa kura, na aliyeangukiwa na kura alilia hata kabla ya kupigwa.

"Baba Mdogo," Ghanima aliuliza siku moja, "Warusi walitufanyia nini?"

"Sisi? Apana! Hawatujui hata kwa jina."

"Sasa mbona tunawachukia?"

Khaled alipuliza chai yake. "Kwa sababu kanda imetoka Amerika, mama. Mpishi ndiye anayegawa nyama. Hebu funga mlango, filamu inaanza."

Basi Jumamosi moja koo la Khaled likagoma. Mafua yalikuwa yamemshika, na kila alipofungua mdomo alitoa sauti ya bawaba kavu. Banda lilikuwa limejaa, watu wakipiga miguu chini. Ghanima alikuwa na miaka kumi na miwili, na filamu ile alikuwa ameiona mara tisa. Akakichukua kipaza sauti.

Mwanzoni alifasiri polepole. Kisha kwenye skrini akatokea kamanda wa Kirusi, mrefu, mwenye miwani minene, anayechechemea. Mdomo wa Ghanima ukafunguka wenyewe: "Eeeh, wakubwa wa kazi! Kuyeni, kuyeni, mutanikuta hapahapa!"

Banda likapasuka kwa kicheko. Kila mtu aliitambua sauti ile. Ilikuwa ya Mzee Népomuscène, fundi redio wa mlango wa tatu kutoka dukani: mrefu, mwenye miwani minene, anayechechemea, na anayewapokea wateja wake kwa maneno yayo hayo. Alikuwa amehamia Buyenzi mwaka uliotangulia, baada ya nyumba yake ya Kamenge kuteketea.

Kicheko cha watu ni kama sukari guru. Ukilamba mara moja, ulimi unarudi wenyewe. Siku ya pili Ghanima akaongeza chumvi. Kamanda alipoingia chumbani kwake, Ghanima alisema, "Hapa chini ya kitanda nina sanduku la chuma. Ndani kuna redio ya siri. Naongea na wenzangu wa milimani!" Filamu haikusema hivyo hata kidogo. Lakini sanduku Ghanima alilijua. Aliliona chini ya kitanda cha Mzee Népomuscène siku alipompelekea redio ya baba yake.

Tangu siku hiyo watoto wakamwita mzee "Mrusi". Yeye alicheka nao. "Mi ni Mrusi? Basi nileteeni theluji, joto hili limenichosha!"

Lakini mji wenye hofu hauna masikio ya kucheka. Wiki mbili baadaye Ghanima alikuwa kwenye foleni ya bomba, ndoo mkononi, alipomsikia Mama Léoncie, muuza mkaa, akimnong'oneza jirani yake.

"Yule fundi ana redio ya kuongea na watu wa milimani. Iko ndani ya sanduku, chini ya kitanda."

Ghanima aliyatambua maneno yake mwenyewe, ila sasa yalikuwa yamevua mzaha na kuvaa magwanda. "Mama Léoncie," alisema, "hiyo ilikuwa filamu tu."

"Nyamaza, mutoto. We sanduku uliliona, hukuliona?"

"Nililiona, lakini..."

"Basi! Kumbe liko!" Mama Léoncie akamgeukia jirani yake. "Umesikia? Mutoto wa Thabit ameliona kwa macho yake."

Ijumaa asubuhi mlango wa fundi ulikuwa umeandikwa kwa mkaa: MRUSI TOKA. Mawe yalikuwa yamerushwa juu ya bati. Hamimu, kiongozi wa vijana waliolinda mtaa, alimpa mzee hadi Jumapili, kabla ya saa ya amri ya kukaa ndani. "Ukikutwa baada ya hapo," alisema, "usitulaumu."

Ghanima hakuweza kula. Alasiri alitoroka, akapiga hodi kwenye ule mlango wa tatu.

Mzee Népomuscène alikuwa akikunja mashati. Mezani chuma cha kulehemu kilikuwa kimepoa.

"Eeeh, mukubwa wa kazi," alisema, lakini kwa sauti ndogo. "Kuya. Umeleta redio?"

"Apana." Ghanima alitazama chini ya kitanda. Sanduku lilikuwepo, na aibu iliyoje, yeye mwenyewe sasa aliliogopa. "Mzee... mle ndani mna nini?"

Mzee alimtazama juu ya miwani yake. Kisha akalivuta sanduku, akalifungua.

Mlikuwa na magazeti ya watoto, ya zamani, yenye herufi za ajabu. "Serikali ilinituma kusoma Moscow nikiwa kijana," alisema. "Warusi na Wamarekani walikuwa wakigombea dunia nzima wakati huo. Lugha ya Warusi nilijifunzia kwenye haya. Nyumba ilipoungua, ndiyo niliyoyawahi."

Ghanima alifunua ukurasa. Kulikuwa na mtu mnene mwenye kofia ndefu, meno ya fisi, na bomu kwapani. Watoto waliochorwa kando yake walikuwa wakikimbia.

"Jambazi huyu ni nani?"

"Mmarekani."

"Mmarekani?" Ghanima alishangaa. "Mbona wamemchora hivi?"

"Na wewe Mrusi wako, wamemchora vipi?" Mzee alifunga gazeti taratibu. "Kule niliwacheka Wamarekani. Nimerudi huku, watu wanawacheka Warusi. Wamarekani wenyewe niliwaona mara moja uwanja wa ndege. Walikuwa wanatafuta choo, kama mimi."

Siku nyingine Ghanima angecheka. "Mzee, utakwenda wapi?"

"Kamenge siwezi kurudi. Kwingine wataniuliza niko upande gani, na kila jibu ni baya. Hapa walau mumenipa jina jipya." Akatabasamu kidogo. "Sauti yangu uliipata vizuri, lakini. Nilisimama dirishani nikacheka hadi nikavua miwani."

Kumbe alijua. Alijua tangu mwanzo ni nani aliyeanzisha, na hakumtaja kwa mtu. Ghanima alitoka pale akilia bila sauti. Alitamani angetukanwa.

Alimweleza Baba Mdogo Khaled kila kitu. Khaled aliweka kikombe chini.

"Kosa si lako peke yako," alisema. "Miaka sita nawawekea watu maneno midomoni. We umenifuata tu. Kesho kutwa nitasimama mimi niwaambie."

"Apana, Baba Mdogo. Sauti waliyoiamini ni yangu."

Jumapili alasiri banda lilijaa hadi mlangoni. Hamimu alikaa benchi la mbele na vijana wake. Mama Léoncie alikuwepo. Filamu ikaanza, na kamanda wa Kirusi alipotokea, watu wakainama mbele kungoja ile sauti.

Ghanima alikuwa na kipaza sauti mkononi. Hakusema kitu. Kamanda akafungua na kufunga mdomo kama samaki. Watu wakaanza kupiga miluzi. Khaled akaizima televisheni.

"Huyu kamanda hana sanduku," Ghanima alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa udogo wake. "Mi ndiye niliyemwekea. Hata redio ya siri ni mi. Hata watu wa milimani. Nilitaka mucheke. Mzee Népomuscène hana redio yoyote isipokuwa zenu zilizokufa. Nimedanganya. Naomba musimfukuze."

Hamimu alisimama. "Umetumwa useme hivyo?"

"Apana."

"Na sanduku?"

"Sanduku hili hapa," alijibu mtu kutoka mlangoni. Alikuwa Thabit, baba yake Ghanima, ambaye Khaled alikuwa amempasha habari, akihema, tumbo mbele na sanduku kichwani. Mzee Népomuscène alichechemea nyuma yake.

Hamimu alilifungua mwenyewe. Alitoa gazeti moja, la pili, la tatu, akagonga chini ya sanduku, akapapasa pembe. Mwishowe akabaki ameshika picha ya yule mnene mwenye meno ya fisi.

"Huyu naye ni nani?"

"Ndiye Mmarekani wa Warusi," alisema mzee.

Picha ikapita mkono kwa mkono. Kicheko kikaanza kurudi. Kisha mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Oyaa! Tumbo lile! Si ni Baba Thabit kabisa?"

Banda zima likacheka. "Mmarekani! Mmarekani wa dukani!" Thabit naye akacheka, akijipigapiga tumbo.

Ghanima hakucheka. Alijua yanayofuata baada ya kicheko kile: bombani, kisha mlangoni, kisha batini. Akamtazama Hamimu, na akaona kwamba Hamimu pia hacheki. Kijana yule alikuwa akimwangalia Thabit, ambaye aliwauzia kwao maziwa ya unga tangu yeye akiwa mtoto mchanga, kisha picha, kisha Thabit tena.

"Nyamazeni," Hamimu alisema. Wakanyamaza. Akairudisha picha sandukuni, akafunga kifuniko. "Mzee, leo hutoki. Wala kesho." Aliinamisha kichwa. "Mutusamehe."

Mama Léoncie alijifunika uso kwa kanga. Baadaye, watu wakitawanyika kuwahi nyumbani, alimletea mzee mkaa wa kupikia bila kusema neno. Kwake yeye huko kulikuwa kuomba radhi.

Ghanima alibaki akipanga mabenchi. Mzee Népomuscène aliketi kwenye moja, akanyoosha mguu wake mbovu.

"Mukubwa wa kazi, kaa hapa. Umesikia ule msemo wa tembo wawili wanaopigana, nyasi zikaumia?"

"Mwalimu Adélaïde alitufundisha."

"Basi hakukwambia mwisho wake. Warusi na Wamarekani walikwisha kupeana mikono, wakaenda zao. Tembo wameondoka, na sisi nyasi bado tunapigana, tukitumia majina waliyotuachia." Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Ukiona filamu, cheka. Kucheka si dhambi. Lakini uulize: nani ameipika, na nani amewekwa awe mubaya? Halafu ukishika kipaza sauti wewe, ujue kwamba mtu aliye upande wa pili wa mzaha wako ana nyumba, na nyumba ina bati. Uongo uliosemwa mbele ya watu, kuutubu ni mbele ya watu. Hilo leo umelifanya, na wakubwa wengi linawashinda."

Nje Hamimu alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa tatu, ndoo ubavuni, akisugua maandishi ya mkaa kwa brashi. Alisugua hadi mkono ukamwuma. Mlango ukawa mweupe tena, ila ukisogea karibu, herufi zilionekana bado, hafifu, kama zinangoja.

Ghanima alichukua kitambaa, akaloweka, akapiga magoti kando yake.