Njia ya Makumbi

"Shika hapo, usiachie," Baba alisema, kisha akapigilia msumari mwingine kwenye ubao ambao Nyakio alikuwa ameubana kwa magoti.

Sanduku lilikuwa limefika nusu. Lilikuwa na sakafu, pande mbili na matundu ya hewa. Mzee Gitau, baba yake Nyakio, alikuwa seremala katika karakana moja mjini Malindi, na hata sanduku la mbwa alilitengeneza kama kabati la mteja. Alipima, akapima tena.

Mbwa mwenyewe, Bobi, alikuwa amelala karibu na mlango wa jiko. Mdomo wake, ambao zamani ulikuwa mweusi, sasa ulikuwa mweupe kana kwamba ameuchovya kwenye unga. Yeye na Nyakio walizaliwa mwaka mmoja, na wote wawili walikulia katika ua huo huo, mtaani Muyeye.

Shule zilikuwa zimefungwa. Familia nzima ilikuwa ikijiandaa kwenda Karatina kula Krismasi na nyanya yake Nyakio. Karani wa basi alikuwa amesema kwamba mbwa atasafiri juu ya basi pamoja na mizigo, tena awe ndani ya sanduku. La sivyo, abaki.

Mama alitoka jikoni akiwa na sufuria mkononi, akalitazama sanduku.

"Ni zuri," alisema. "Lakini atakayelala humo ni mzee. Wewe ungemweka mama yako juu ya basi kutoka hapa hadi Karatina?"

"Mama yangu haenei humu," Baba alijibu.

Mama alicheka, lakini hakuacha. "Na feri ya Kilifi je, maadamu daraja bado halijaisha? Sisi abiria tutashushwa, tuvuke kwa miguu yetu. Yeye atabaki huko juu peke yake, hajui kama ni bahari au ni nini. Afadhali tumwache. Mama Kache wa hapo jirani anasema kaka yake wa Jilore anatafuta mbwa wa kulinda shamba."

Baba aliweka nyundo chini. "Mbwa ni wa Nyakio. Yeye ndiye amlishaye. Nyakio, unasemaje? Twende naye au abaki Jilore?"

Nyakio alimtazama Bobi.

"Bado ninafikiri, Baba."

"Fikiri. Lakini kwanza niambie, macho yake yako sawa? Naona yana ukungu."

"Yako sawa," Nyakio alisema upesi. "Ni uzee tu. Anaona hata mjusi ukutani."

Huo ulikuwa uongo. Tangu mvua za masika Bobi alikuwa haoni kabisa. Nyakio aliligundua jambo hilo siku alipoiacha ndoo njiani na Bobi akaigonga kwa paji la uso. Tangu siku hiyo hakuruhusu kitu chochote cha uani kihame. Ndoo ilikaa penye ukuta, kigoda kilikaa chini ya dirisha, na karai la maji ya Bobi lilikaa karibu na kizingiti. Kila mtu alipoondoa kitu, Nyakio alikirudisha. Bobi alitembea katikati ya vitu hivyo bila kuvigonga, kama mwenyeji anayetembea chumbani mwake taa ikiwa imezimwa.

Mama, kwa kutojua, alimsifu kwa majirani wote. "Huyu mtoto wangu ana mpangilio! Hata kigoda akikuta kimesogezwa, hapati amani."

Nyakio aliona aibu kila aliposikia sifa hizo, lakini alinyamaza. Siku moja alikuwa amemsikia Baba akimsimulia Mama habari za mbwa wa mkuu wa karakana. "Amepofuka," Baba alisema. "Wamemwita daktari wa mifugo akamchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja." Maneno hayo hayakumtoka Nyakio akilini.

Alasiri ile alikwenda mferejini kuchota maji akamkuta Kache, mtoto wa jirani yao, ambaye alisoma naye darasa moja.

"Mbona uso umekukunjamana kama kuti bovu?" Kache aliuliza.

"Sijui nimpeleke Bobi au nimwache."

"Mpeleke. Akaone baridi ya kwenu, avae sweta."

"Sitanii, Kache. Nikimpeleka ataumia njiani. Nikimwacha..."

"Ukimwacha Jilore kwa mjomba Garama atakula samaki wa mtoni. Mjomba hana ubahili."

Nyakio alijitwisha ndoo akaenda zake. Njia nzima alibadili mawazo. Alipofika penye duka la kona alikuwa ameamua Bobi asafiri. Alipofika mlangoni kwao alikuwa ameamua abaki. Alipotua ndoo hakuwa ameamua lolote. Kila njia aliyoifikiria ilianza vizuri, kisha ikafika mahali ambapo ilimbidi kusema kweli, naye akageuka na kurudi nyuma.

Kesho yake mjomba Garama alifika. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na suruali yake ilikuwa na vumbi jekundu la njia ya Jilore. Aliongozana na dada yake Kahonzi, mama yake Kache, mwanamke aliyeishi kwa kushona makuti ya kuezekea nyumba.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni," Mama aliitika.

"Shikamoo, mjomba," Nyakio alisema.

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi huyo askari wangu?"

Garama aliisimamisha baiskeli yake katikati ya ua, akakaa kwenye kigoda. Nyakio aliiona baiskeli ile. Ilikuwa imeziba njia ya Bobi kutoka mlango wa jiko hadi kwenye karai la maji. Alitaka kwenda kuisogeza, lakini Mama alimwita aje achukue vikombe vya chai.

Aliporudi, Bobi alikuwa tayari amesikia sauti za wageni na kusimama. Alitingisha mkia, akatembea kwa ujasiri moja kwa moja, akaigonga baiskeli kwa uso. Baiskeli ilianguka kwa kishindo. Bobi alilia, akarudi kinyumenyume, akagonga ukuta.

Kisha Garama akacheka.

"Ala! Ameanza vita na baiskeli?"

Baba hakucheka. Alichuchumaa, akapitisha kiganja mbele ya macho ya Bobi. Bobi hakupepesa.

"Nyakio," Baba aliita polepole.

"Alikuwa amelala, Baba," Nyakio alisema. "Ana usingizi bado."

"Usingizi hauna neno," Garama alisema, akiiinua baiskeli. "Kwangu hatalala. Nitamfunga pembeni mwa mahindi, upande wa mto. Viboko wakitoka majini usiku, yeye atawaona kabla yetu, abweke, nasi tutoke na matari na mienge. Yule wa kwanza alikuwa hodari, maskini. Alichelewa kidogo tu kuondoka njiani mwao."

"Alichelewa?" Nyakio aliuliza.

"Walimkanyaga, mwanangu."

Nyakio aliliweka chini sinia la vikombe. Alimwona Bobi amefungwa kwenye mti asioujua, akisikia hatua nzito zikija, asijue akimbilie wapi.

"Mjomba, usimchukue," alisema. "Haoni. Hakuona mjusi wala nini. Nimesema uongo. Haoni tangu masika."

Kisha akalia, na katika kulia akaeleza yote: ndoo, kigoda, karai, na ile habari ya sindano.

Mama alishika kiuno. "Kumbe! Nami nikakutangaza mtaa mzima kwamba una mpangilio!"

Kahonzi alificha kicheko kwa ncha ya leso. Baba alimketisha Nyakio kando yake kwenye sanduku lile la nusu.

"Yule mbwa wa mkuu wetu alikuwa na uvimbe," alisema. "Alikuwa halali kwa maumivu. Hakuchomwa sindano kwa sababu ya macho. Ungeniuliza, ningekueleza. Bobi anaumwa?"

"Hapana. Anakula vizuri. Akiwa hapa anatembea vizuri."

"Akiwa hapa," Kahonzi alirudia. Alikuwa akiutazama ua kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Baba Nyakio, mimi nasema hivi. Mbwa huyu hawezi kwenda Karatina, wala Jilore. Ua huu ndio macho yake. Ukimtoa hapa unampofusha mara ya pili."

"Sasa tufanyeje, Mama Kache?" Mama aliuliza. "Nasi hatuwezi kumwacha peke yake."

"Mimi makuti nashonea popote. Nitashonea hapa, kivulini. Asubuhi nitakuja, jioni Kache atamletea chakula, na usiku nitamlaza hapa yule kijana wangu mkubwa alinde nyumba yenu. Ila makuti yangu ni mengi, yatajaza ua. Huyu mzee atapita wapi?"

Nyakio alipangusa uso. "Mama Kache, yale makumbi ya nazi yaliyo nyuma ya nyumba yenu mnayatumia?"

"Ya kuwashia moto tu. Kwa nini?"

"Tuyatandaze kuanzia mlango wa jiko hadi kwenye maji. Atayasikia kwa miguu. Akikanyaga mchanga atajua amepotea."

Garama alijipiga kofi pajani. "Haya, huyo ndiye askari! Mie nitatafuta mbwa mwingine. Lakini mwanangu, ungeniacha nikaondoka naye?"

Nyakio aliinamisha kichwa. "Sijui, mjomba. Nilikuwa nimechanganyikiwa."

"Ulichanganyikiwa kwa sababu sote tulikuwa tukitafuta njia, na wewe peke yako ulijua shimo lilipo," Baba alisema kwa upole. "Sikulaumu kwa kumpenda. Lakini ukimpenda mtu au mnyama, usimfichie udhaifu wake kwa wale wanaoweza kumsaidia. Ukweli ungetuleta hapa tangu masika."

Waliifanya kazi hadi jua likashuka. Kache na Nyakio walileta makumbi kwa karai, Kahonzi akayapanga sehemu ya nyuzi ikiwa juu, na Baba akazibomoa pande za sanduku ili mbao zisimame ukingoni, makuti yasije yakaanguka njiani. Makumbi yaliisha njia ikiwa imefika katikati ya ua.

"Yatosha," Baba alisema. "Giza limeingia. Mengine kesho."

Bobi aliamka, akanusa, akaweka mguu juu ya kumbi la kwanza. Akaweka wa pili. Alikwenda taratibu, masikio yamesimama, hadi mahali makumbi yalipokoma. Hapo akasimama, mguu mmoja juu, akangoja.

"Kesho, Bobi," Nyakio alimwambia, akaenda kumletea maji pale pale aliposimama.