Makubadhi Mlangoni kwa Bimdogo

Makubadhi ya kiume yalikuwa mlangoni kwa Bimdogo tangu alasiri, na ndani hamkuwa na mwanamume.

Wa kwanza kuyaona alikuwa Mahira, mke wa mwanawe Sabir. Angeyaona mtu mwingine, mambo yangeishia pale pale. Lakini Mahira jicho lake halipitwi na kitu. Alisimama kizingitini na sahani ya vibibi mkononi, akayatazama. Ngozi nzuri, mapya, yameelekea ndani, na soli zake zina rangi nyeupe ambayo haijakauka.

"Mama ana mgeni?"

"Mgeni wa wapi? Niko na magoti yangu tu hapa."

"Haya," akasema Mahira. Na ile "haya" yake ilifika Biashara Street kabla ya magharibi.

Turudi nyuma kidogo, mfahamu yalikotoka.

Bimdogo ni mjane. Nyumba yake ya Kibokoni ina ghorofa, ngazi zake zimesimama wima kama mnazi, na magoti yake yamechoka. Sabir, ambaye kazi yake ni kutoa mizigo ya watu bandarini Kilindini, akaja na habari kwamba Kizingo kumejengwa makao mapya ya wazee. Si wazee wa kuuguzwa, akasema, ni wazee wenye nguvu zao. Kuna kidimbwi cha kuogelea, kuna mazoezi kila siku, daktari yuko hapo hapo, na nyumba zote ziko chini, ngazi hutaiona.

"Na nyumba hii?" Bimdogo akauliza.

"Itakuwepo, mamangu. Haina miguu."

Bintiye Fadhiya akacheka kwa pua. "Haina miguu, lakini ina Mahira."

Tangu siku hiyo ndugu wawili hawakula sinia moja. Fadhiya ameshika kwamba kaka yake yuwasukumwa na mkewe, ambaye ameitamani nyumba ya Kibokoni tangu usiku wa harusi. Sabir ameshika kwamba dada yake ataka mama aanguke ngazini. Bimdogo naye hakumwamini hata mmoja. Yeye alitaka jambo moja tu, afie kwenye kitanda alichozalia. Lakini mama akikataa hata kwenda kutazama, huitwa mkaidi. Basi akavaa buibui lake, akenda na Sabir.

Jua la saa tisa lilikuwa likichoma. Msichana wa ofisini, Emmah, akawapokea kwa maji baridi. Kando ya kidimbwi wazee walikuwa wamesimama kwa mstari, mikono juu, wakifuata sauti ya redio.

"Hawa wanaibiwa?" Bimdogo akamnong'oneza mwanawe.

"Ni mazoezi, mamangu."

Mzee mmoja kwa jina Oloo, aliyekuwa dereva wa garimoshi kabla ya kustaafu, akamsikia akacheka. "Njoo uibiwe na wewe, mama. Hapa hata mifupa inasahau umri wake."

Pahali palikuwa pazuri, hilo Bimdogo hakulikataa, na ndilo lililomtia shaka. Kitu kizuri hivi, mbona kinatafuta watu?

Emmah akawazungusha. Hii inapata upepo, hii inaona bahari, chagua mwenyewe, mama. Lakini nyumba ya pembeni akaipita bila kugeuza shingo.

"Na ile?"

"Ile bado rangi, mama. Haijakauka."

"Mbona zile nyingine zote zimekauka, na jua hili?"

Emmah akainama, akajifanya yuwatafuta ufunguo. Bimdogo akauelekea ule mlango wa pembeni kwa ubishi tu, na alipofika akafanya alichofundishwa tangu ulimi wake haujanyooka. Hakugonga wala hakusukuma. Akasema, "Hodi."

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamume ndani. "Karibu, Bimdogo."

Emmah akasimama kama aliyekanyaga mwiba. "Mama, hakuna mtu hapo."

"Nimekaribishwa," akasema Bimdogo. Akavua viatu, akaingia.

Nyumba ilikuwa tupu. Jua lote lile la nje halikuvuka kizingiti. Mlikuwa na baridi ya kisimani, na harufu mbili zimechanganyika, rangi mbichi na kahawa inayokaangwa. Katikati ya sakafu kulikuwa na mkeka mmoja. Bimdogo akaugusa kwa kiganja. Ulikuwa na joto, kama mtu aliyeinuka sasa hivi kumpisha. Hata hapo adabu haikumtoka. "Haya," akasema, "twaenda." Akatoka.

Walipokuwa wakirudi langoni akasikia makubadhi nyuma yake. Chwapa, chwapa, polepole, hatua za mtu anayemsindikiza mgeni wake. Akageuka. Njia nyeupe na jua tupu.

Na hapo ndipo alipokosea. Kila mtu wa Mji wa Kale yuwajua, mwenyeji akikusindikiza, ni wewe mgeni wa kumwambia: hapa patosha, rudi salama. Usipomwambia hawezi kurudi, itakuwa amekutupa njiani. Bimdogo alikuwa na maneno hayo ulimini. Lakini Sabir alikuwa akimtazama kwa jicho la kicheko, na yeye akaona haya kuzungumza na njia tupu mbele ya mwanawe. Akanyamaza, akaingia garini.

Kesho yake makubadhi yakawa mlangoni.

Aliyatupa jalalani, akayakuta pale pale, yameelekea ndani. Akaanza kusikia harufu ya kahawa ilhali jiko limezimwa. Jioni, chini ya ngazi, mtu hukohoa kile kikohozi cha mwanamume mwenye heshima, cha kuwapa wanawake nafasi wajifunike. Halafu hupanda. Bimdogo alitega sikio kila jioni na kila jioni ni vile vile, makubadhi yapanda, hayashuki.

Maneno ya mtaani yakamfikia Sabir. Akaja amevimba, na Fadhiya akaja nyuma yake, asije kaka yake akazungumza peke yake. Wakajifungia chumbani juu na mama yao, wakagombana kwa sauti za chini, maana kuta za Kibokoni zina masikio.

"Mamangu, watu wanasema una mwanamume humu."

"Wanasema, au mkeo ndiye anayesema?" Fadhiya akamdakia. "Makubadhi ameyaleta yeye. Ataka mama aone haya, auhame mtaa."

"Wewe ndiwe umeyaweka, ili niambiwe Kizingo kuna majini. Au mamangu ameyaweka mwenyewe. Nitajuaje?"

"Mwanangu, nami naweka kiatu cha kiume mlangoni kwangu?" Bimdogo akasema. "Nimekulea hivyo?"

Chini mtu akakohoa. Akakohoa tena, kama mtu anayeomba radhi kuwakatiza, na harufu ya kahawa ikapanda kabla yake, nayo ya rangi mbichi nyuma yake, na makubadhi yakaanza ngazi, chwapa, chwapa, yakifika kwenye kidato kilichomegeka yakipunguza mwendo kama mtu anayeijua ngazi hiyo tangu utoto, na Fadhiya akamshika kaka yake mkono bila kujua, na Sabir naye akauacha ushikwe, na hatua zikaja mpaka nje ya mlango wa chumba, zikasimama, na kilichosimama pale hakikusukuma wala hakikugonga, kilikuwa na adabu zake, kilikuwa kikingoja kukaribishwa.

"Asiseme mtu karibu," Bimdogo akanong'ona.

Walikaa vile mpaka ile baridi ya kisimani, iliyokuwa ikipenya chini ya mlango, ilipoondoka.

Sabir mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita Maalim Jamaldin. Maalim akasoma, akafukiza ubani, akasikiliza kisa chote akitazama chini. Akauliza neno moja tu. "Ulimwambia arudi?"

"Niliona haya, maalim."

"Basi si mwizi huyu wala si adui. Amekusindikiza na hujamwachia njia. Wazee wengine wa kule hubonyeza kengele, kengele haijibiwi. Wewe ulipiga hodi, ukajibiwa. Sasa yeye ndiye mgeni kwako, na mgeni husindikizwa. Mrudishe kwa miguu mpaka mlangoni kwake, useme ulichokosa kusema. Na mtu mwingine asifungue kinywa."

Wakatoka baada ya alasiri, Bimdogo mbele na magoti yake, Sabir, Fadhiya na maalim kando. Wakapita Fort Jesus kwenye kelele za watalii, wakashika njia ya Kizingo, na nyuma yao, wote wanne wakiyasikia, makubadhi. Hakuna aliyegeuka. Walipofika nyumba ya pembeni Bimdogo alikuwa akitweta.

"Hapa patosha," akasema. "Rudi salama. Umenifanyia hisani."

Hatua zikampita, upepo wa baridi ukamgusa bega, mlango ukafunguka ukaanza kujifunga. Fadhiya akaanza kulia kwa furaha. Na kabla mlango haujabana, sauti ile ya upole ikatoka ndani.

"Na wewe, Sabir. Karibu kahawa."

Sabir alilelewa na Bimdogo. Jibu likamtoka lenyewe, kama linavyomtoka mtu yeyote wa mjini akikaribishwa chakula njiani.

"Ahsante. Siku nyingine, inshallah."

Maalim Jamaldin akafumba macho.

Kibokoni kukatulia. Mlangoni hapakuwa na kiatu. Bimdogo akalala kitandani kwake, na habari ya kuhama hakuna aliyeitaja tena. Alikuwa ameanza kucheka, hata na Mahira, siku Mahira alipomjia mbio bila hata kujifunga mtandio vizuri.

"Mama, Sabir hakurudi kutoka Kilindini. Mwenziwe wa kazini asema alitoka mapema. Alisema ameahidi mtu kahawa."

Wakakimbilia Kizingo wote wawili, wakayakuta makubadhi kwenye mlango wa nyumba ya pembeni, na kando yake viatu vyeusi vya Sabir, na vumbi la bandarini juu yake. Vyote vimeelekea ndani. Vikombe vilikuwa vikigongana mle, na Sabir akicheka kicheko chake cha utotoni, ambacho Bimdogo hakukisikia miaka mingi. Mahira akabonyeza kengele mpaka kidole kikamuuma. Emmah akaja mbio na ufunguo, akafungua. Ndani tupu, mkeka mmoja. Akafunga, na kicheko kikaendelea.

Bimdogo akaufahamu mlango huo. Hauingiliki kwa ufunguo.

"Mwambie Fadhiya aifagie nyumba yangu," akamwambia Mahira. "Na kitandani kwangu asilaze mtu."

Akavua viatu vyake, akavipanga kando ya vya mwanawe. Akasema, "Hodi."

"Karibu, mamangu," sauti ya Sabir ikajibu. "Tumekungoja."

Akaingia.

Nyumba ya Kibokoni mpaka leo ina kufuli. Fadhiya asema ni Mahira aliyemwacha mama aingie, apate nyumba. Mahira asema Fadhiya ndiye aliyemleta maalim, wala hataki kusikia kwamba Sabir alimwita mwenyewe, na bila maalim Sabir asingekwenda kule. Hawapeani mikono, si arusini si matangani. Lakini Mzee Oloo, ambaye hufanya mazoezi yake kando ya kidimbwi, huwaona wote wawili alasiri nyingi, wamesimama mbele ya mlango wa pembeni, huyu upande huu na huyu upande ule, viatu vya watu watatu katikati yao, na kahawa ikinukia. Kila mmoja yuwamngoja mwenziwe aseme hodi.