Magudulia Yaliyoinama Pichani

Kila alipotoka shule, Wening alikuwa na kazi tatu: kufagia vumbi la udongo kibarazani, kumchotea bibi yake maji ya kulainishia udongo, na kupiga picha. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoipenda. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika kijiji kizima cha wafinyanzi cha Pagerjurang hakukuwa na mtoto mwingine aliyekabidhiwa kazi ya picha. Alisubiri jua lipoe, akapanga magudulia ya Bibi Tukinem juu ya benchi, akayapiga picha kwa simu kuukuu ya mama yake, yenye kioo kilichopasuka. Jioni mama aliwatumia wateja picha hizo.

Bibi alifinyanga kama wanawake wote wa pale. Gurudumu lake lilikuwa limeinama, naye aliketi upande, miguu pamoja ndani ya shuka la batiki, akivuta kwa mguu kamba ya kulizungusha. Mwanamke wa heshima hatanui miguu mbele ya gurudumu, kwa hiyo tangu zamani waliliinamisha gurudumu liwafuate wao. Wachuuzi wa mbali walipenda kuwatania sokoni: "Gurudumu limekaa upande, gudulia nalo limekaa upande!" Bibi aliwajibu, "Lijaze maji, mwanangu, kisha nionyeshe yanakomwagikia." Watu walicheka, na wachuuzi walinunua.

Basi akaja Niken. Alikuwa binti wa mjomba wake Wening, rika moja naye, aliyeletwa kutoka mjini Semarang kukaa kwa bibi mwaka mzima. Alikuja na viatu vyeupe, na simu mpya yenye macho matatu ya kamera nyuma. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wening hakupona, aliugua.

"Hebu nione!" Bibi alisema, akaishika simu ile kwa ncha za vidole kama yai. "Macho matatu! Mimi nina mawili na yote hayaoni."

"Inapiga picha nzuri sana, Bibi," alisema Niken. "Nikupigie magudulia yako?"

"Picha hupiga mimi," Wening alidakia.

"Wewe pumzika leo," mama yake alimwambia bila kumtazama. "Kuna Mama Hartini wa mjini Solo, anafungua mkahawa. Anataka magudulia arobaini. Tukimpelekea picha za ile simu yako iliyopasuka atatukimbia."

Simu yangu! Ilikuwa simu ya mama mwenyewe, na leo imekuwa ya Wening kwa sababu ni mbovu. Alikwenda kukaa mlangoni, akaumwa na wivu tumboni kama mtu aliyekula ndimu akiwa na njaa.

Niken aliyapanga magudulia saba kwenye mstari. Kibaraza kilikuwa chembamba na yote hayakuenea katika picha, kwa hiyo aligusa kioo cha simu, akachagua jicho pana, lile linalochukua eneo kubwa, kisha akasogea karibu kabisa hadi akakaribia kuyagusa. Saba yote yakaenea. Rangi zikang'aa. Mama akapiga makofi. "Lo! Utadhani duka la Jakarta!"

Wening alichungulia begani kwa Niken na papo hapo akaliona kosa. Gudulia la katikati lilikuwa limevimba tumbo, na kitako chake kimekuwa kidogo. Yale ya pembeni yalikuwa yamelala, la kushoto kushoto, la kulia kulia. Ukingo wa benchi, uliochongwa na fundi kwa rula, ulikuwa umepinda.

Alijua sababu. Mwaka uliopita alimpiga Bibi picha kwa kumsogelea mno, pua ya Bibi ikatoka kubwa kama kiazi, nyumba nzima ikacheka wiki nzima. Tangu siku hiyo alijifunza mwenyewe: ukisogea karibu sana, kilicho mbele hukua na kilicho nyuma husinyaa, na lile jicho pana huvuta vya pembeni vikalala. Dawa yake ni kurudi nyuma hatua tatu nne, kuacha jicho pana, na kuiweka simu sawa na kiuno cha gudulia.

Maneno yalimfika ulimini. Akayameza.

"Unaonaje, Wening?" Niken aliuliza.

"Nzuri," alijibu. Moyoni alisema, *Ngoja uumbuke.*

Picha ilikwenda Solo jioni ile ile. Kesho yake ilikuwa siku ya gulio, na yale magudulia saba yakauzwa yote. Hakuna aliyeyatazama mara mbili, maana hayakuwa na kasoro yoyote.

Siku ya tatu Mama Hartini akapiga simu. Mama aliiweka kwa sauti ya juu ili Bibi naye asikie habari njema.

"Samahani sana, Mama," ilisema sauti ile. "Nimeyatazama vizuri. Yamepinda. Nimeambiwa huko mnafinyanga kwenye gurudumu lililoinama, labda ndiyo sababu. Mimi nataka vyombo vilivyosimama. Naomba tuahirishe."

Wening alikuwa akila wali na tempe, vipande vya soya iliyochachushwa na kukaangwa. Alimtazama Niken ili auone uso wake ukisawijika, lakini uso uliosawijika ulikuwa wa Bibi.

"Nionyesheni hiyo picha," alisema Bibi. Akaishika simu mbali, kisha karibu, akaitazama muda mrefu. "Kweli. Yamelala. Haya hata mwanafunzi wa siku mbili hafinyangi hivi." Akaitazama mikono yake. "Tangu mwezi wa Ramadhani vidole hivi vinatetemeka. Nilijiambia ni uchovu tu."

"Lakini gulioni yalinunuliwa, Mama," mama yake Wening alisema.

"Walinionea huruma."

Akainuka, akaenda kibarazani, akalifunika gurudumu kwa gunia. Siku ile hakufinyanga, wala siku iliyofuata. Alikaa tu akichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Niken alilia kwa kificho, akidhani amemletea bibi yake mkosi. Na Wening, aliyetaka mtu aumbuke, alipita kibarazani akiangalia miguu yake mwenyewe.

Siku ya tatu tangu gurudumu lifunikwe, alipotoka shule, alimkuta Bibi akimwambia jirani, "Mtafute mtu alichukue hili gurudumu. Mimi na udongo tumeshaagana." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anatoa kuku. Hapo Wening hakuweza tena.

"Bibi, usilitoe! Si mikono yako. Ni simu!"

"Simu imefinyanga?"

"Imepiga vibaya. Ngoja nikuonyeshe. Niken! Lete simu yako!"

Alikimbia jikoni akatoa gudulia la zamani, lile ambalo Bibi alilifinyanga kabla mama hajaolewa na ambalo nyumba nzima ililijua lilivyosimama. Akatundika ukutani sarong, kikoi cha marehemu babu, chenye miraba iliyonyooka, akaliweka gudulia mbele yake. Alisogea karibu, akachagua jicho pana, akapiga. Tumbo likavimba, na mistari ya sarong ikapinda kama ndizi. Kisha akarudi nyuma hatua nne, akachagua jicho la kawaida, akachuchumaa hadi simu ikawa sawa na kiuno cha gudulia, akapiga tena. Miraba ikanyooka. Gudulia likasimama.

Bibi alizitazama picha mbili zile, moja baada ya nyingine. "Alhamdulillahi," alisema taratibu. Kisha akainua macho. "Umelijua hili lini, Wening?"

Angeweza kusema amejua leo. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu. "Siku ile ile, Bibi. Niliona. Nilinyamaza kwa sababu Niken alisifiwa."

Niken ndiye aliyesema kwanza. "Nilikuuliza, Wening. Nilikuuliza unaonaje. Ungeniambia ningekusikiliza, mimi hapa sijui chochote."

Mama alimpelekea Mama Hartini picha zote mbili na kumweleza. Yeye alicheka, akasema hata mkahawa wake ukipigwa picha kwa jicho lile huonekana kama umelewa, na akaagiza yale arobaini. Jioni ile ile Bibi akalivua gurudumu gunia, akawaita wajukuu wote wawili.

"Niken alikosea kwa kutojua," alisema, "na asiyejua hufundishwa, kazi imekwisha. Wewe Wening ulijua. Ulimtegea mwenzio shimo, nikatumbukia mimi. Wivu ndivyo ulivyo, mjukuu wangu: haulengi vizuri. Unamrushia jiwe unayemchukia, linampiga unayempenda. Ujuzi si wa kuficha ili mwenzako aanguke. Ukiona kosa, sema, hata kama sifa zitamwendea mwingine."

"Nisamehe, Bibi. Nisamehe, Niken."

"Picha mtapiga wawili, nawe utamfundisha yote unayoyajua." Kisha Bibi akamgeukia Niken. "Njoo uketi hapa, upande, miguu pamoja. Leo nakuonyesha kuvuta kamba."

Wening alimwona Niken akiketi mahali ambapo yeye mwenyewe aliahidiwa kuketi akimaliza darasa la sita. Bibi alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Imekuuma?"

"Imeniuma, Bibi."

"Sana?"

"Sana."

"Afadhali umesema," alisema Bibi. "Sasa mletee mwenzio udongo."

Wening akaenda, akachagua donge lililo laini kuliko yote, akamletea.