Siku Bosi Aliposhindwa Kusimama

Apua aliwasha jiko, akateleka chai. Kila asubuhi Bosi huja mbio akisikia sufuria. Bosi ni mbwa wao, mfupi wa miguu, mrefu wa mgongo. Aliachwa kwao, mtaa wa Kanamkemer, na mwalimu aliyehamishwa.

"Bosi! Bosi!"

Kimya. Kisha Apua akasikia kitu kikiburutwa mchangani. Bosi alikuwa akija kwa miguu ya mbele tu. Ile ya nyuma ilimfuata kama matambara.

Ethuro, mume wake, alitoka na rungu.

"Rudi nyuma! Hicho ni kichaa cha mbwa. Akikuuma, umekwisha."

"Usimpige, Baba Arek. Nakuomba."

Lakini Apua mwenyewe aliogopa. Jana tu Bosi alimlamba mtoto wao Arek usoni. Je, kama ni kichaa kweli? Mtoto atapona?

Akampigia simu Chelangat, daktari wa mifugo mjini Lodwar, akamweleza hadi Arek alivyolambwa.

"Msimguse mdomo," Chelangat alisema. "Watoto wakae mbali. Nakuja."

Alifika kwa bodaboda, akamsalimu Apua kwa Kiturkana.

"Ejok, Mama Arek. Amechanjwa?"

Apua alimwonyesha kadi. Chanjo ya kichaa ilikuwa ya mwezi wa tatu mwaka huu.

"Ameumwa na mbwa mwingine?"

"Hapana. Anakula vizuri. Ila wiki hii analia tukimbeba."

Chelangat alivaa glavu. Alipopapasa mgongo, Bosi alilia. Alipofinya kidole cha mguu wa nyuma, Bosi aligeuka kumtazama.

"Afadhali, bado anahisi. Hiki si kichaa: amechanjwa, hajaumwa, na maumivu yako mgongoni. Arek yuko salama."

Apua akaketi chini.

"Kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna vitu laini kama mito midogo ya kulalia," Chelangat alieleza. "Kimoja kimetoka mahali pake, kinabana neva za miguu. Mbwa wenye mgongo mrefu hupatwa sana. Alipoanza kulia, ndipo mlipaswa kuniita."

"Nilitaka kumpa kidonge changu cha maumivu."

"Usithubutu! Dawa ya watu inaweza kumuua."

Alimdunga Bosi sindano ya maumivu. "Kwa wiki sita afungiwe mahali padogo. Asiruke. Ukimbeba, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, mgongo unyooke. Asipokojoa leo, au akiacha kuhisi, nipigie saa hiyo hiyo."

"Atatembea?"

"Sijui, mama."

Neno hilo lilimkaa Apua moyoni. Ethuro alitengeneza kizimba cha mbao. Kila siku Apua alimwinua Bosi kwa leso yake ya kujifunga, ikipita chini ya tumbo, ili akajisaidie. Kila asubuhi aliogopa kufungua kizimba.

Wiki ya tatu, mkia ulitikisika. Wiki ya tano, Bosi alisimama. Akapiga hatua nne, akaanguka, akasimama tena.

"Baba Arek, njoo uone!" Apua alilia kwa furaha.

Sasa Bosi anatembea, ingawa anayumba kidogo. Juzi jirani yao Aregae alilalamika kwamba mbwa wake amekuwa mvivu, na akibebwa analia.

Ethuro alisimama papo hapo.

"Huo si uvivu," alisema. "Usingoje kesho. Mpigie daktari sasa."