Unga Usionata

Kila asubuhi kabla ya shule, Sindano alifagia ua. Jina hilo alipewa na mama yake kwa wembamba wake, na hata mwalimu wa darasa la sita alikuwa amelizoea. Upande mmoja wa ua palikuwa na tanuri la mama la kuokea mikate. Upande wa pili ilikuwepo karakana ya baba, fundi seremala. Unga wa mama ulipeperuka hadi kwenye mbao, na vumbi la msumeno wa baba likatua kwenye mikate.

"Leo nimekula mkate wa msonobari," baba alizoea kusema.

"Na mimi nimekalia kiti cha ngano," mama alimjibu.

Lakini msimu ule hakuna aliyekuwa na nguvu za kutania. Mvua zilinyesha mfululizo, kuni za msitu wa jirani zikalowa, na mama akanunua lori zima la kuni kutoka ng'ambo ya mpaka. Zilikuwa kavu, zenye magome mazito. Baba alitoa sharti: kila gogo libambuliwe gome, magome yachomwe siku hiyohiyo, na kuni zisisogee karibu na karakana. Kazi hiyo alipewa Sindano.

Alibambua siku ya kwanza. Akabambua siku ya pili. Siku ya tatu viganja vilijaa malengelenge na rundo lilionekana kama linazaa. Kuni zilizobaki alizipanga nyuma ya karakana, akazifunika kwa magunia.

"Umemaliza?" baba aliuliza.

"Nimemaliza, baba."

"Hongera, binti yangu. Pumzika."

Neno hilo lilimchosha kuliko kuni zote.

Miezi miwili ikapita. Vumbi laini, jeupe kama maziwa, likaanza kudondoka chini ya mbao. Sindano alilifagia kila siku.

"Mke wangu, funga hayo magunia ya unga," baba alilalamika. Mama, kwa uchovu, aliendelea kukanda tu.

Alhamisi moja, baba alivuta ubao wa kutengenezea vitanda vya watoto wa zahanati. Vitanda vilitakiwa Jumatatu. Ubao ukavunjika mikononi mwake kama biskuti kavu. Ndani ulijaa matundu madogo.

Baba akamwita mpasua mbao, ambaye pia alikuwa kaka yake mama. Mjomba alifika na viatu vya mpira, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi.

"Shemeji, umeniuzia nini?" baba alifoka. "Mtoto angelala hapa angeamkia sakafuni!"

"Mti ule niliukata mwenyewe hapo msituni, nikaukausha mwaka mzima. Haukuwa na tundu hata moja."

"Basi matundu yameletwa na malaika? Bora niagize mbao za ng'ambo!"

"Agiza. Ila ukiniita tapeli mbele ya dada yangu, sikanyagi tena ua huu."

Mama aliketi juu ya debe, kichwa mikononi. "Jamani, nimechoka. Huyu mume, yule ndugu. Nimfukuze nani?"

Mjomba alivaa kofia yake, akaelekea langoni.

Sindano aliinama. Alichota vumbi kidogo, akalitemea mate, akalisugua kwa kidole kama anakanda. Unga wa ngano hunata. Huu haukunata. Akageukia upande wa nyuma ya karakana, kwa maana alijua kilichokuwa huko.

"Mjomba, usiondoke!" sauti ilimtoka. "Huu si unga. Na kosa si la mbao zako."

Aliwaongoza nyuma ya karakana, akafunua magunia. Chini ya kuni palikuwa na vilima vya vumbi lilelile. Mjomba alibandua gome moja, na vidudu vyeusi vikatawanyika.

"Uliniambia umemaliza," baba alisema. Hakupaza sauti. Alisikika kama mtu aliyebeba mzigo tangu alfajiri, kisha akaambiwa nyumbani bado mbali.

"Nilichoka, baba. Kisha nikaogopa."

Mchana huo, wote wanne walibeba kuni hadi kwenye tanuri. Mbao saba zilizogusa ukuta wa nyuma zilifuata motoni. Nyingine walizikagua mojamoja juani, zikaonekana nzima. Mjomba aliahidi kuleta saba kutoka bandani kwake kesho yake.

"Nisamehe, shemeji," baba alisema. "Ulimi wangu ulitangulia macho."

"Nimekusamehe. Ila mkate wangu usiwe na msonobari."

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, mama alicheka. "Nitajenga kibanda cha kukaushia kuni za hapahapa," alisema. "Lori la ng'ambo sitaki tena."

Mjomba alimgeukia Sindano. "Kidudu hiki hakiwezi kuruka kutoka ng'ambo hadi hapa. Sisi ndio tuliokipandisha lori. Baba yako alikuwa amekifungia mlango, nawe ukakifungulia kwa neno moja tu, 'nimemaliza'."

Sindano aliinamisha kichwa. Baba akaketi kando yake, akavitazama viganja vya bintiye vyenye makovu.

"Siku nyingine ukichoka, sema umechoka," alisema. "Ningebambua pamoja nawe. Katika ua huu sote tunachoka, mwanangu. Kusema hivyo si kosa. Kosa ni kuficha."